Akiba haiozi, lakini kufuli huzeeka

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba akiba haiozi. Mama yangu mzazi, ambaye ni mkulima huko Wundanyi, Taita, alinilea kwa methali hiyo tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani. Lakini usiku mmoja wa Juni mwaka 2025, nilipokaribia kuipoteza akiba yangu yote kwa mkono wangu mwenyewe, niligundua kwamba kuna jambo ambalo wahenga hawakulitaja. Akiba kweli haiozi, ila kufuli linaloilinda huzeeka.

Leo nitakisimulia kisa hicho pasi na kuficha, ingawa najua kitanivunjia heshima kidogo mbele ya jamaa na majirani. Nakisimulia kwa sababu naamini wamo miongoni mwenu, wasomaji wapenzi, akina mama na akina baba wenye pesa mahali ambapo wenzao wa nyumbani hawapajui.

Mwezi Septemba mwaka 2017 nililipwa shilingi elfu thelathini kwa kazi ya kutafsiri vijitabu vya afya. Siku hizo jijini Nairobi kila kijana mwenye simu ya maana alikuwa akizungumza habari za Bitcoin, sarafu isiyo na noti wala chuma, inayoishi ndani ya mtandao wa kompyuta na isiyotolewa na benki kuu ya nchi yoyote. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeonya tangu Desemba 2015 kwamba sarafu za aina hiyo si pesa halali na hazina msimamizi humu nchini. Onyo hilo nililisoma, nikalipuuza. Nilituma pesa zangu kwa M-Pesa kwa muuzaji mmoja niliyeelekezwa kwake, na kabla ya chai yangu kupoa nikawa mmiliki wa kisehemu cha Bitcoin moja, hakifiki hata fungu moja la kumi.

Mume wangu sikumwambia. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa SACCO na ploti, na nilijua angeniuliza kama nimerogwa. Nilijiambia kwamba nitamwambia zikipanda. Mwezi Desemba mwaka huohuo zikapanda hadi karibu dola 20,000 kwa Bitcoin moja, nami nikasema ngoja zipande zaidi. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa zimeporomoka hadi dola 3,200 hivi. Sasa ningemwambia nini? Aibu ilinifunga mdomo, na kimya cha mwaka mmoja kikawa kimya cha miaka minane kasoro miezi.

Wakati wa corona mwaka 2020, kodi ya nyumba ilipotulemea, nilikimega kidogo kile kisehemu changu. Mume wangu nikamwambia kwamba nimekopeshwa na rafiki yangu wa tangu chuoni. Kilichobaki nilikiacha kilale. Kufikia katikati ya mwaka 2025 Bitcoin moja ilikuwa imevuka dola 100,000, na akiba yangu ilitosha kumlipia binti yetu karo ya sekondari hadi amalize, na chenji ibaki. Binti huyo alikuwa Gredi ya 9. Basi unaweza kuelewa, msomaji, ni kitu gani nilichokuwa nacho mkononi usiku ule.

Ilikuwa saa mbili za usiku. Rafiki yangu yuleyule wa chuoni alinitumia ujumbe kwenye simu. Ulikuwa na picha ya mtambo wa rangi ya dhahabu unaoning'inia kama taa za hoteli kubwa, na chini yake maneno ya kutisha: kompyuta za kwantamu zimewasili, makufuli ya Bitcoin yamevunjwa, anayetaka kuokoa pesa zake azihamishe usiku huu kwenye mkoba mpya usiovunjika. Kulikuwa na mahali pa kubonyeza, na baada ya kubonyeza, visanduku 12 vya kujaza.

Kwa wasiojua, anayemiliki sarafu hizi huzilinda kwa maneno ya siri, 12 au 24, ambayo mkoba wake wa kwenye simu humpa siku ya kwanza. Atakayeyajua maneno hayo ndiye mwenye pesa. Yangu nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ya daftari na kuyaficha ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo za dini, ambacho hakuna aliyekifungua nyumbani ila mimi. Niliitoa karatasi. Huku mikono ikinitetemeka, nilijaza neno la kwanza, la pili, la tatu. Nilipofika neno la saba, stima ikapotea mtaa mzima, na intaneti ya nyumbani ikafa nayo.

Mungu si Athumani. Mume wangu aliingia chumbani na mshumaa, akanikuta nimekaa kitandani, jasho likinitoka, karatasi mkononi.

"Mama watoto, kuna nini? Karatasi gani hiyo?"

"Ya kazini tu," nikajibu.

Alinitazama kwa muda, akauweka mshumaa juu ya kabati, akatoka. Uongo ule uliniuma kuliko hofu ya wezi.

Asubuhi yake nilimpigia simu rafiki yangu. Alikuwa akilia. Ujumbe ule alikuwa amenitumia kwa nia njema, akiamini ananiokoa. Yeye alikuwa amejaza maneno yote 12, na kabla ya saa moja kupita mkoba wake ulikuwa mweupe. Hakuna kompyuta ya kwantamu iliyomwibia. Aliyemwibia ni mtu mwenye simu kama yangu na yako, anayejua kwamba mtu akishatishika humfungulia mwizi mlango mwenyewe.

Mahindi na unga

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba habari za kwantamu ni uzushi wa matapeli. Lakini mimi ni mwandishi, na chuoni tulifundishwa kwamba uongo unaouzika huwa na chembe ya ukweli ndani yake. Nilimtafuta jamaa yangu mmoja anayefundisha hisabati katika chuo kikuu, tukakaa mkahawani, naye akanieleza mambo kwa lugha ambayo hata mama yangu angeielewa.

Alisema hivi. Ukipeleka mahindi kwenye kinu, utapata unga kwa dakika chache. Lakini hakuna kinu duniani kinachoweza kuupokea unga na kukurudishia mahindi. Ufunguo wa siri wa Bitcoin ni namba kubwa ajabu. Hiyo ndiyo mahindi. Kompyuta huisaga namba hiyo kwa hesabu maalum na kupata namba nyingine iitwayo ufunguo wa hadharani. Huo ndio unga. Watu wakiuona unga wako wanaweza kuthibitisha kwamba sahihi uliyotia ni yako kweli, ilhali mahindi hawawezi kuyapata. Kompyuta tunazozijua, hata zikiunganishwa zote za dunia, haziwezi kurudi kutoka kwenye unga hadi kwenye mahindi kwa muda wenye maana kwa binadamu.

Mwaka 1994 mtaalamu wa hisabati Peter Shor, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba kompyuta ya aina nyingine kabisa, inayofuata kanuni za fizikia ya vitu vidogo mno, inaweza kuurudisha unga uwe mahindi. Wakati huo mtambo wa kufanya kazi hiyo haukuwapo, na Bitcoin yenyewe ilikuwa bado miaka 15 kuzaliwa, kwani ilianza Januari 2009.

Je, mtambo huo upo sasa? Upo, lakini ni mtoto mchanga. Nguvu zake hupimwa kwa vitu viitwavyo kubiti. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya Google ilitangaza chipu yake iitwayo Willow, yenye kubiti 105. Nao watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza, walikadiria mwaka 2022 kwamba kuuvunja ufunguo mmoja wa Bitcoin kwa siku moja kungehitaji kubiti milioni 13. Ukilinganisha 105 na milioni 13, ni kama mtu anayetaka kwenda kwa miguu kutoka Mombasa hadi Kisumu, na ndiyo kwanza avuke kizingiti cha nyumba yake.

"Kwa hivyo nilale?" nikamuuliza.

"Usilale," akajibu. Akanieleza kwamba kuna kufuli lingine la zamani, liitwalo RSA, ambalo hutumiwa sana na mabenki na mitandao. Mwaka 2019 watafiti wawili, mmoja wao Craig Gidney wa Google, walikadiria kwamba kulivunja kungehitaji kubiti milioni 20. Mwezi Mei 2025 Gidney huyohuyo aliandika kwamba kubiti zisizofika milioni moja zingetosha, kwa muda usiozidi wiki moja. Mtambo haukuwa umekua kwa kiasi hicho. Hesabu ndizo zilizoboreshwa. Kwa maneno mengine, msafiri wetu hajakimbia, ila barabara ndiyo iliyofupishwa.

Kosa langu

Nilimwomba aitazame akiba yangu. Nilimpa anwani yangu, ambayo si siri, akaitafuta kwenye daftari la hadhara la Bitcoin. Daftari hilo huonyesha kila malipo yaliyowahi kufanywa, na mtu yeyote anaweza kulisoma kwenye intaneti. Alitikisa kichwa.

Anwani ya Bitcoin, akaeleza, kwa kawaida si unga wenyewe. Ni unga uliokwisha kupikwa ukawa ugali. Mbinu ya Shor inaweza kuurudisha unga uwe mahindi, lakini haiwezi kuurudisha ugali uwe unga. Ipo mbinu nyingine ya mwaka 1996, ya Lov Grover, ambayo ingeirahisisha kazi hiyo, lakini si kwa kiasi cha kumnyima mtu usingizi. Kwa hiyo pesa zilizopokelewa kwenye anwani ambayo haijawahi kutoa chochote zimejificha vyema, maana walimwengu wameona ugali tu. Siku utakapotoa, hata kama ni kidogo, lazima uuonyeshe unga ili sahihi yako ikubaliwe. Tangu siku hiyo unga wako umeandikwa kwenye daftari ambalo halifutiki.

Mikoba mingi ya siku hizi humpa mwenyewe anwani mpya kila anapopokea pesa. Mkoba wangu wa 2017 haukuwa hivyo, nami sikujua. Anwani yangu ilikuwa ileile moja, nikiitumia kama mtu anavyotumia namba yake ya simu. Mwaka 2020 nilipotoa pesa za kodi, zilizobaki zilirudi palepale. Unga wangu ulikuwa umeanikwa juani kwa miaka mitano.

Siko peke yangu. Kampuni ya uhasibu ya Deloitte iliwahi kulichunguza daftari hilo ikakadiria kwamba karibu robo ya Bitcoin zote, zaidi ya milioni nne, zimo katika hali kama yangu. Zimo humo sarafu za mwanzo kabisa za mwaka 2009, ambazo zilihifadhiwa bila kupikwa ugali. Nyingi ya hizo hudhaniwa kuwa za mwanzilishi mwenyewe, ajiitaye Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo haijulikani ni nani. Zimo pia zile zilizo katika anwani za mtindo ulioanza Novemba 2021, zinazoanza na herufi bc1p, ambazo huonyesha ufunguo wa hadharani tangu siku ya kwanza. Na wenye sarafu za Ethereum wajue kwamba akaunti zao hubaki na anwani moja daima, hivyo ukishatuma mara moja unga uko nje.

Dawa ya kosa langu, jamaa yangu akasema, ni nyepesi. Fungua anwani mpya isiyowahi kutumika, hamishia pesa zote huko, na usirudi tena kwenye ile ya zamani. Mwizi wa kesho akilivunja sanduku la zamani atakuta utando wa buibui tu.

Nilidhani ningefanya hivyo kimyakimya na siri yangu ibaki siri. Sikujua kwamba mama alikuwa akinisubiri.

Swali la mama

Likizo ya Agosti tulikwenda Wundanyi na watoto. Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama kijijini. Chama chao kina sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Kila ufunguo uko kwa mama mmoja, na mama wa nne ndiye anayelilaza sanduku nyumbani kwake. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Alasiri moja tulikuwa tumeketi uani tukichambua maharagwe, nami nikajikuta nimemwambia yote. Mama mzazi hafichwi.

"Pesa hizo ziko wapi?" aliniuliza.

"Haziko mahali, mama. Zimeandikwa kwenye daftari la mtandaoni. Mimi nina ufunguo tu."

"Ufunguo uko wapi?"

"Kwenye kitabu cha nyimbo."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Akaacha kuchambua. "Mwanangu, unamwogopa mwizi ambaye hajazaliwa, na ile matatu iliyokuleta hapa hukuiogopa?"

Sikuwa na jibu. Na kadiri nilivyozidi kulifikiria swali lake ndivyo nilivyoona kwamba mama, ambaye hajui kubiti ni mnyama gani, alikuwa amegusa kiini cha jambo lenyewe. Benki ikiamua kubadilisha makufuli yake, huyabadilisha usiku nawe umelala, na asubuhi unazikuta pesa zako pale pale. Bitcoin haina meneja wa kukubadilishia kufuli. Siku kufuli jipya litakapokuja, itambidi kila mwenye sanduku aje mwenyewe na ufunguo wake, afungue la zamani, ahamishie mali yake kwenye jipya. Asiyekuja kwa sababu ameaga dunia na mjane wake hajui lolote, au kwa sababu karatasi yake ililiwa na mchwa, atakuwa amemwekea mwizi. Kinga ya kwanza dhidi ya kompyuta hiyo, basi, ni kuwa na mtu mwingine anayejua.

Usiku huo, watoto walipokwisha lala, nilimweleza mume wangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ile kodi ya mwaka 2020, ilitoka huko?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilimshukuru rafiki yako, tena mbele ya watu kanisani."

Kwa siku mbili hakunisemesha ila kwa mambo ya watoto. Siku ya tatu, tukiwa njiani kurudi Nairobi, alinigeukia akasema, "Tukifika, nionyeshe hiyo karatasi."

Mwisho wa mwezi huohuo, kabla hatujafanya lolote, habari zikaja kwamba serikali ya El Salvador, nchi iliyokuwa ya kwanza kuifanya Bitcoin pesa halali mwaka 2021, imezigawa Bitcoin zake zaidi ya 6,200 zilizokuwa kwenye anwani moja, ikaziweka kwenye anwani 14 mpya, kila moja isizidi 500. Sababu iliyotolewa ni hatari ya kompyuta za kwantamu. Mume wangu aliposoma habari hizo alicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Wundanyi. "Kumbe hata serikali nzima ilikuwa na kosa lako," akasema.

Jumamosi iliyofuata tuliketi mezani pamoja. Tulifungua mkoba mpya kwa programu tuliyoichunguza wenyewe, si ya kutumiwa kwa ujumbe. Tuliyaandika maneno mapya 12 kwa mkono, bila kuyapiga picha wala kuyaweka kwenye simu. Tulituma kiasi kidogo kwanza kujaribu, tukaona kimefika, kisha tukahamisha zote. Baada ya hapo mume wangu aliandika barua kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akieleza hatua kwa hatua namna ya kuzifikia pesa hizo ikiwa sisi sote wawili hatupo. Tulitengeneza bahasha mbili. Mahali pa moja tunapajua mimi na yeye. Nyingine ilisafiri mbali na Nairobi, na nadhani umekwisha kukisia ilikokwenda.

Kufuli jipya

Je, tumemaliza? La hasha. Kuuficha unga kunatupa muda, hakutupi kinga ya milele. Siku tutakapotoa pesa, unga utaonekana kwa dakika kumi hivi kabla malipo hayajaandikwa daftarini, na mtambo wenye mbio za kutosha ungeweza kutuwahi. Kwa hiyo kufuli lenyewe lazima libadilishwe.

Makufuli mapya yapo tayari. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliwaalika wataalamu wa dunia nzima tangu mwaka 2016 walete mbinu ambazo kompyuta ya kwantamu haitaziweza. Tarehe 13 Agosti 2024 ikachapisha viwango vitatu vya kwanza, na Novemba mwaka huohuo ikatoa rasimu inayopendekeza kwamba mbinu za zamani ziachwe kabisa baada ya mwaka 2035.

Taabu ni ukubwa wake. Sahihi ya Bitcoin ya sasa ni baiti 64 au kupita kidogo. Sahihi ndogo kabisa ya kiwango kiitwacho ML-DSA ni baiti 2,420. Daftari la Bitcoin lina nafasi finyu, hivyo kuleta sahihi hizo ni kama kuwaambia abiria wa matatu kwamba kuanzia kesho kila mmoja atapanda na gunia lake. Mwaka 2024 lilitolewa pendekezo la aina mpya ya anwani, liitwalo BIP 360. Julai 2025 likaja lingine linalotaka sarafu zitakazokuwa hazijahamishwa baada ya miaka kadhaa zifungiwe zisitumike kabisa. Hapo ndipo mzozo ulipo. Wengine wanasema afadhali kuzifunga kuliko kumwachia mwizi. Wengine wanasema huko ni kuwanyang'anya mali waliolala, wafungwa na mayatima. Hadi ninapoandika haya, mtandao huo haujakubali kufuli jipya lolote.

Kwa sababu hiyo, anayekuuzia leo mkoba wa Bitcoin usiovunjwa na kwantamu anakuuzia upepo. Kufuli liko kwenye mtandao wenyewe, haliko kwenye simu wala kwenye kifaa cha kuhifadhia funguo, hata kiwe cha bei gani. Mpango wa makufuli matatu kama wa chama cha mama upo pia katika Bitcoin, na ni mzuri dhidi ya mwizi wa karatasi, lakini kwa kompyuta hiyo makufuli matatu ya aina moja ni kazi ileile mara tatu.

Wapo watakaosema afadhali waziache pesa zao kwa kampuni ya kubadilisha sarafu, iwahangaikie. Ni kweli kwamba huko kampuni ndiyo itakayohamisha, na una haki ya kuiuliza ina mpango gani. Sisi Wakenya tumepata sheria ya kusimamia biashara hiyo, iliyotiwa sahihi na Rais Oktoba 2025. Lakini kumbuka pia Mt. Gox mwaka 2014 na FTX Novemba 2022. Waliokuwa na pesa humo hawakungoja kwantamu ili walie.

Nami nakushauri hivi, msomaji mpenzi. Ikiwa una sarafu hizi, itazame anwani yako, na kama iliwahi kutoa pesa na bado ina salio, lihamishe taratibu mchana kweupe ukiwa na akili zako. Maneno yako ya siri usiyaandike mahali popote unapoombwa na mtu, hata mtu huyo awe rafiki wa miaka 20. Fuatilia habari za kufuli jipya mara moja au mbili kwa mwaka, wala si kila usiku. Na kabla ya yote hayo, mwambie mwenzako.

Sisi tumekubaliana kwamba kila Januari, shule zinapofunguliwa na karo inapohesabiwa, tutaketi mezani tuulizane kama wakati wa kuhama umefika. Juzi mama alinipigia simu kuuliza habari za wajukuu, na kabla ya kuaga akaniuliza, "Na lile sanduku lako, sasa lina funguo ngapi?"

"Mbili, mama," nikamjibu. "Moja unailalia."

Akacheka, akasema godoro lake halijawahi kuwa na thamani hiyo.